Kikohozi Chini ya Sakafu

Bado Pindo amepiga magoti, msomaji, pale pale tulipomwacha juma lililopita. Pini ziko mdomoni, chaki iko mkononi, na mbele ya macho yake vimesimama viatu vya Kapteni juu ya mbao zile zile zinazowafunika watu watatu.

Na kikohozi kimeshatoka.

Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kikohozi cha mzee anayejizuia kwa nguvu zake zote, kikamponyoka. Lakini cherehani zote zilikuwa zimenyamaza kwa kumwogopa Kapteni, na katika kimya kile hata sindano ikianguka ungeisikia.

Kapteni akatazama chini. "Nini hicho?"

Pindo hakufikiri. Angefikiri angekufa. Alitema pini kiganjani, akainama, akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na machozi yakamtiririka, akaegemea goti la Kapteni kama mtu anayeomba kushikwa asianguke.

Kapteni akaruka nyuma kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Toka hapo! Usiniguse!"

"Samahani, afande. Ni kifua tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Unatema damu?"

Hapo ndipo Pindo alipokosea. Angesema hapana, mambo yangeishia pale. Lakini alimwona yule mwanamume mzima akipapasa mifuko kutafuta leso, na hamu ya kumwona akitimua mbio ikamshinda.

"Mara moja moja, afande," akasema, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Kapteni aliondoka bila kofia. Koti lake lilikuwa na mkono mmoja tu, wa pili uko mezani, pini zinamchoma mbavuni, na hakujali. Dereva alipiga gari moto kabla mlango haujafungwa.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Shangazi, mwenye karakana na dada wa marehemu baba yake Pindo, alicheka kicheko cha kushika kiuno. "Umemfukuza kama kuku aliyeingia jikoni! Mtoto wewe, nani kakuzaa?"

"Kaka yako, Shangazi."

"Basi kaka yangu alikuwa na siri zake!"

Cheka nao, msomaji. Hawatacheka tena.

Kwa wewe uliyechelewa kuingia, nikuchukue mbio mbio. Wanajeshi wameuteka mji tangu mwaka jana. Watu wa ng'ambo ya mto wamechomewa vijiji vyao, na yeyote anayemhifadhi mmoja wao anauawa yeye na nyumba yake nzima. Vijana wachache wa mjini walikula kiapo cha kuwaficha. Wengine wameshanyongwa uwanjani, wengine wametoweka; usiturudishe huko. Waliobaki ni Pindo, binti aliyepata jina hilo kwa kuwa alianza kazi kwa kukunja mapindo ya suruali, pamoja na Betri, kijana aliyekuwa akitengeneza redio mpaka jeshi lilipozipiga marufuku. Sasa Betri anasukuma mkokoteni wa karakana.

Karakana inawashonea wanajeshi magwanda. Ndiyo, hao hao. Hakuna mahali salama kama chini ya kiti cha adui, Betri alipenda kusema, na Pindo aliongeza la kwake: kila suruali ya kumi aliishona matakoni kwa uzi mbovu. Wiki mbili zilizopita moja ilipasuka kwenye gwaride. Ilikuwa ya Kapteni.

Na chini ya meza ya kukatia, kwenye ghala la zamani la vitambaa, waliishi Babu, mzee mwenye kifua kibovu. Mama Kifungo, mkwe wake, mjane. Na mtoto mwenyewe, Kifungo, msichana wa miaka sita aliyepewa jina hilo na Shangazi kwa sababu siku nzima alipanga vifungo kwa rangi bila kutoa sauti. Mafundi wengine walijua bila kujua. Waliacha nusu ya mikate yao mezani na hawakuuliza nani anaimalizia.

Haya, turudi. Kicheko hakijapoa, lori likasimama mlangoni.

Aliteremka daktari wa jeshi, mtu mfupi mwenye miwani na macho ya mtu asiyelala. Nyuma yake askari walishusha madebe, gundi na karatasi.

"Nani mwenye nyumba?"

"Ni mimi, daktari," Shangazi akasema. "Karibu."

"Kapteni ametoa taarifa ya kifua kikuu. Jengo hili linafukizwa leo. Madirisha yote yatazibwa, milango itapigiliwa misumari, na dawa itawaka ndani mpaka kesho asubuhi. Magwanda yaliyokwisha yatoke sasa hivi, yapelekwe bohari yakachemshwe. Watu wote nje, uani. Nitampima kila mmoja."

"Hiyo dawa... ina nguvu?"

"Kesho utafagia panya, mama. Hata mende hawabaki."

Pindo aliitazama meza ya kukatia. Uongo wake mwenyewe, uliomchekesha dakika chache zilizopita, ndio huu umerudi na madebe.

"Tupe nafasi kidogo tufunge marobota," Shangazi akasema, sauti haikumtetemeka hata chembe. "Mafundi watangulie uani. Nibaki na huyu mpwa wangu na mbeba mzigo."

Daktari akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kusimamia gundi.

Mlango ulipofungwa tu, Betri alishaisukuma meza.

"Marobota mawili makubwa," alinong'ona. "Mtoto kwenye moja, mama yake kwenye jingine. Nitawatelemsha nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha ile nyumba yetu ya pili ya maficho itawapokea."

"Na Babu?" Pindo akauliza.

Kifuniko kilikuwa wazi, na Babu alikuwa ameshapandisha ngazi nusu, anawatazama.

"Kikohozi changu hiki," akasema kwa lafudhi yake ya ng'ambo, "nyumba imeungua, ng'ombe wamechukuliwa, wanangu wamezikwa na watu nisiowajua. Chenyewe kipo. Kimenifuata kama mbwa mwaminifu."

"Babu, siyo wakati—"

"Najua, mwanangu. Nawaomba radhi."

Shangazi alikuwa ameshaichukua aproni ya mpiga pasi kutoka kwenye msumari. Mpiga pasi hakuja kazini siku ile, mkewe alikuwa anajifungua. "Vaa hii, mzee wangu. Utasimama mwisho wa mstari, karibu na lango. Daktari akianza na wa mbele, wewe unajiondokea taratibu kama mtu anayekwenda haja. Usikimbie. Na usifungue mdomo! Neno moja tu, lafudhi itakutaja."

"Na nikikohoa?"

"Usikohoe."

Babu akavaa aproni. Mama Kifungo akamfunga kamba za nyuma, akazikaza, akazikaza tena, kama mtu asiyetaka kumaliza. "Baba," akasema. Basi. Babu akamgusa utosini, akamgusa na mjukuu, akashika njia ya uani bila kugeuka.

"Haya!" daktari akaita kutoka nje. "Mgonjwa ni nani? Aje kwanza!"

"Nenda," Betri akasema. Alikuwa ameshamfunika Kifungo kwa magwanda mpaka imebaki pua. "Nenda, dada, usimkawize. Huyu tayari. Bado mama tu."

Pindo akamtazama Mama Kifungo, mguu mmoja ndani ya ghala, mguu mmoja nje. Hawakuwahi kuzungumza mengi wawili hao. Muda ulikuwa haupo. Akatoka.

Uani jua lilikuwa kali. Mafundi walipanga mstari kimya kimya, Babu mwisho kabisa, hatua chache tu kutoka lango lililo wazi.

"Geuka," daktari akamwambia Pindo, akaweka chombo chake cha baridi mgongoni. "Vuta pumzi."

Wakati huo huo askari wawili walipita kuelekea ndani, bunduki mkononi, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Mapema mno! Pindo akavuta pumzi ikakwama.

"Vuta, nimesema. Toa."

Kelele zikatoka ndani. "Wewe na mkokoteni! Ondoa taka zako!" Magurudumu yakalia. Betri akatokeza akisukuma mzigo, marobota yamepandana, jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alipofika sambamba na Pindo, aliinua uso akatikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana.

Usinitazame, Pindo akamwelewa. Akageuza uso upesi. Mkokoteni ukapita lango, ukakata kona, ukatoweka.

Askari wakatoka. "Hakuna mtu, daktari."

Pindo akashusha pumzi ndefu kuliko zote alizoombwa. Wametoka. Mama na mtoto wametoka! Sasa amebaki Babu na hatua zake chache.

Daktari akavua chombo masikioni. Hakuwa na haraka.

"Binti, kifua hiki ni kizima. Ukipewa tarumbeta utapiga mpaka kesho."

"Labda... labda kimepona, daktari."

"Hakiponi kati ya asubuhi na mchana." Aliwageukia wote. "Kapteni amesikia kikohozi cha mtu mgonjwa. Huyu hakukohoa hicho. Nani alikohoa?"

Daktari akaupitia mstari kwa macho.

"Nani?"

"Mimi," Shangazi akasema, akajitokeza. "Nilikuwa chumba cha nyuma."

Daktari akamsikiliza mgongo, kisha kifua. "Nawe mzima, mama. Mnanichezea." Akawaashiria askari. "Fungeni lango. Kama mgonjwa hayupo kwenye mstari huu, basi yupo ndani ya jengo, na tutabomoa ubao mmoja mmoja mpaka tumpate."

Kumbuka, msomaji, Pindo alikuwa na hakika ghala ni tupu. Lakini ndani yake mlikuwa na blanketi, kikombe cha mtoto, vifungo vilivyopangwa kwa rangi. Wakibomoa, mafundi wote waliosimama pale wamekwisha.

Babu alikuwa ameshafika langoni. Askari aliyekuja kulifunga alimpisha, akidhani anakwenda chooni. Mguu mmoja ulishagusa barabara.

Akaurudisha.

Akageuka, akaja mpaka katikati ya uani, na mbele ya wote akakiachia. Kikohozi chote alichokimeza kwa miezi kwenye giza lile, akakitoa chote, ameinama, ameshika magoti, kamasi na damu kwenye udongo.

Daktari hakuhitaji chombo. Alikiweka tu kwa desturi, akakiondoa. "Huyu. Jina lako, mzee?"

Babu akamtazama tu.

"Jina!"

"Ni bubu, daktari," Shangazi akasema haraka. "Ni mpiga pasi wangu. Hajasema neno tangu azaliwe. Sisi tulimficha kwa kumhurumia, hana pa kwenda."

"Bubu," daktari akarudia, akamtazama mzee kwa muda mrefu kidogo. Kisha akapunga mkono. "Karantini."

Karantini ni uzio wa waya kando ya reli. Wanaoingia huletewa maji. Wanaotoka hutolewa kwa toroli.

Babu alipandishwa lorini. Kabla askari hajamsukuma ndani alifungua aproni, akaikunja vizuri, kona kwa kona, akampa yule askari na kumwonyesha Shangazi kwa kidole. Askari akaileta. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, na ndiyo mara ya kwanza Pindo alimwona shangazi yake akishindwa kusema ahsante.

"Ametuokoa sote," Pindo akanong'ona.

"Nyamaza. Lilia nyumbani."

Basi madebe yakaingizwa, yakawashwa. Madirisha yalikuwa yameshazibwa kwa karatasi. Askari wakaufunga mlango mkubwa, wakaupigilia ubao juu, ubao chini. Moshi wa manjano ukaanza kuchungulia kwenye nyufa, ukiwa na harufu ya kuwasha koo. Mafundi wakatolewa barabarani, wakasimama upande wa pili, wanaitazama riziki yao ikifukizwa.

Hapo ndipo Kapteni alipotokea kwenye kona.

Alikuja kwa miguu, polepole, kama mtu anayepunga upepo. Alikuwa amemshika mtoto mkono.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kifungo.

Pindo alitafuta kwa macho mkokoteni. Haupo. Akamtafuta Betri. Hayupo.

"Fundi!" Kapteni akaita kwa furaha. "Kifua kinaendeleaje?"

Pindo alimtazama mtoto.

"Unajua, mimi ni mwoga wa maradhi, sikatai. Nilikimbia. Lakini nilipoketi ofisini nikakumbuka jambo. Kile kikohozi cha kwanza sikukisikia kwa masikio. Nilikisikia kwenye nyayo." Akagonga kisigino chini, tap, tap. "Nikaagiza mzigo wenu usimamishwe. Kijana wa mkokoteni tulimwuliza kwa upole. Hakutaka kusema. Sasa hawezi tena."

Fundi mmoja nyuma yao akaanza kulia, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Huyu mdogo lakini ana adabu. Ukimwuliza anajibu." Kapteni akainama. "Waambie shangazi zako ulichoniambia."

Kifungo aliutazama mlango uliopigiliwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na lafudhi ya ng'ambo ilisikika katika kila neno.

"Mama yumo. Viatu vya askari vilikuja, akarudi ndani akafunga kifuniko. Kaka akairudisha meza juu, hakuweza kungoja. Mama aliniambia nisilie."

Kile kichwa cha Betri! Hakusema usinitazame. Alisema mama hakutoka.

Wakati Pindo anashusha ile pumzi ndefu, mwanamke alikuwa chini ya meza gizani. Wakati Babu anaurudisha mguu wake kutoka barabarani, alikuwa humo. Na sasa yumo.

"Hatumjui mtoto huyu, afande," Shangazi akasema.

Kifungo akainua macho. "Bibi?"

"Mama, anakuita," Kapteni akasema.

"Watoto huita mtu yeyote. Hatumjui."

Kapteni akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu zuri. Akamnyang'anya askari nyundo, akaigeuza, akampa Pindo mpini.

"Mimi si mtu wa kulazimisha. Kama hamumjui mtoto, basi ndani hakuna mtu. Tutangoja hapa moshi ufanye kazi yake, kisha kila mmoja aende kwake. Lakini kama yumo, fungua. Mlango huo hapo. Hakuna atakayekuzuia."

Kisha, kutoka ndani, mlio ukaja. Kitu kiligonga ubao kutoka chini. Kikagonga tena. Mafundi wote wakaangalia viatu vyao.

"Usiguse," Shangazi alisema bila kutikisa midomo. "Nakuomba kwa jina la baba yako. Ukifungua wamempata yeye, na sisi, na wewe watakupiga mpaka uzitaje zile nyumba mbili nyingine. Kule mna watoto kumi na tatu, Pindo. Kumi na tatu."

Alisema kweli. Huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Kugonga kukaendelea, haraka haraka sasa, bila mpangilio. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya mlango, mzito, ukitambaa barabarani mpaka kwenye miguu yao. Kapteni alitoa leso akaziba pua, macho yake kwa Pindo, hata hapepesi.

Kifungo aliuchomoa mkono wake kwenye mkono wa Kapteni. Akavuka mtaa peke yake, akalishika vazi la Pindo kwa vidole viwili.

"Dada," akasema, "mbona humfungulii?"

Pindo akatembea. Hakujua lini aliamua, au kama aliamua. Nyuma yake alimsikia Shangazi akitoa sauti kama ya mtu aliyechomwa kisu. Alifika mlangoni, moshi ukamjaa kifuani, akakohoa, safari hii cha kweli. Akaingiza makucha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, akakandamiza. Msumari ukalia, ukatoka nusu.

Na ndani, kugonga kukakoma.